Waya Juu ya Pazia

Kompyuta ya marehemu Abbas Taqi iliingia Kilindoni juu ya kichwa cha mchukuzi, imeviringishwa blanketi mbili na kufungwa kamba ya katani, maji ya bahari yakimfika mchukuzi kifuani. Kioo chake kilikuja nyuma, kichwani mwa mchukuzi mwingine, na watu waliokuwa ufukweni wakipokea mizigo yao wakasimama kutazama. Wengi wao walikuwa wamemzika Abbas kwa mikono yao. Waliulizana mzee wa watu ataipigia chapa kaburini au vipi, ila waliulizana kwa sauti ya chini, maana maiti hachezewi, kisha wakairudia mizigo yao.

Mkewe, Jenabai, hakutoka kuipokea. Alikuwa eda. Alikaa kwenye jamvi katika chumba kirefu nyuma ya duka lao la vifaa vya ujenzi, hana hereni, hana udi wala marashi, na katikati ya chumba limetundikwa pazia la kumtenga na kila mwanamume asiye maharimu wake. Alipoambiwa mzigo umefika, alisema, "Haya." Neno hilo ndilo alilobaki nalo tangu mazishi. Umwambie chai tayari, haya. Umwambie paka kala samaki, haya. Hakuwa amelia hata siku moja, na wanawake waliokuja kumpa pole walitoka wakiisifu subira yake barabara nzima. Haikuwa subira. Jenabai alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na hakuwa na nguvu ya kumsahihisha mtu.

Kisa cha kompyuta hiyo hakieleweki mpaka uelezwe kwanza uongo wa Baqir. Baqir ni mdogo wake Abbas. Ni mtu mwema, mwenye huruma nyingi, na maafa yote yalitoka kwenye hiyo huruma. Siku ile Abbas alipoanguka dukani akimpimia mteja misumari, asiinuke tena, jioni yake simu ililia. Alikuwa Noorin, mtoto wao wa pekee, anapiga kutoka Toronto alikoolewa. Noorin alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu daktari alimwambia aitunze kama yai. Na desturi ya kwetu mwaijua: mwenye mimba hapelekewi habari ya kifo. Hungojewa ajifungue salama, apate nguvu, ndipo watu wazima wamketishe wamwambie. Kwa hiyo Noorin alipoomba kusema na baba yake, Baqir, nyumba imejaa waombolezaji, alijibu kwamba baba kalala, anaumwa kidogo.

Laiti angeishia hapo, tungesema amesitiri. Lakini Noorin alipiga tena kesho yake, na keshokutwa, na mtu hawezi kulala siku zote. Ikabidi kiwe kiharusi. Kimemshika ulimi, Baqir akasema, hawezi kutamka. Noorin akalia kwenye simu. Baqir akamwonea huruma, akatia chumvi: "Lakini mkono wa kulia mzima kabisa! Anaandika kama zamani! Daktari kasema asishtuliwe tu. Wewe mpe habari njema, mwanangu, habari njema ndiyo dawa yake." Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Baqir alilipindua neno la wahenga, akaficha kifo kwa maradhi, tena maradhi yenye mkono mzima.

Basi Noorin si mjinga. Baba ana mkono, Baba aandike. Alimwagiza shemeji yake wa Dar es Salaam, ambaye naye alitiwa katika siri, na kompyuta ikanunuliwa, akaunti ya barua ikafunguliwa kwa kampuni moja ya intaneti ya huko mjini, na Noorin akaanza kuandika hata kabla mashine haijavuka bahari. Kila akipiga simu alisema lile lile: hali wala halali vizuri mpaka apate mstari mmoja kutoka kwa Baba. Mwanamke mwenye mimba ya kutunzwa kama yai, hali wala halali. Hapo hata asiye na akili anaona hatari iko wapi.

"Sasa nani ataandika?" Jenabai aliuliza kutoka upande wake wa pazia.

"Wewe, shemeji," Baqir alijibu kutoka upande wake. "Nani mwingine anajua alivyokuwa akisema? Mistari miwili mitatu tu, mpaka ajifungue. Tunaokoa roho ya mtoto."

"Haya," alisema Jenabai.

Kazi ya kuiunganisha alipewa Shaabani, mtu wa Juani, mwajiriwa wa Hifadhi ya Bahari kule Utende. Ofisini kwao ndiye aliyetengeneza redio za boti na kuitunza kompyuta waliyoandikia habari za kasa na viota vyao. Alikuwa amesomea Dar es Salaam majuma machache, akarudi na cheti, na cheti hicho alikitaja mapema katika mazungumzo yoyote, hata ya mazishi. Baqir hakumwambia lolote juu ya Noorin. Siri ikipita watu watatu si siri tena, aliona, na wao walishapita watatu.

Shaabani alikuja Jumamosi baada ya adhuhuri, amevaa kofia ya Hifadhi. Alipiga hodi dukani, akapitishwa ndani, akakuta pazia, akavua kofia kulivulia pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole na msiba, mama. Marehemu mzee Abbas alikuwa mtu wa watu. Nyavu za baba yangu zote zilitoka dukani kwa marehemu, enzi hizo Hifadhi haijaja."

"Tumeshapoa," alisema Jenabai, na hapo hapo Mwanahalima akainua kiganja kwamba yatosha.

Mwanahalima alikuwa mwanamke wa Baleni aliyemuuzia Abbas nazi kwa miaka mingi. Alikuja mazikoni na kanga moja ya kubadilisha, akaona hali ya mjane ilivyo, akabaki. Alimwita Jenabai kizuka, kama mjane wa eda aitwavyo pwani, na aliilinda eda hiyo kuliko mwenye eda. Kwa hukumu yake, kizuka akishaitikia salamu amemaliza maneno yake na wanaume. Mengine yote yatapita kwake. Kwa hiyo mtu alisema upande mmoja wa kitambaa, Mwanahalima akageuka akayarudia upande wa pili, na wote walikuwa wamesikia.

"Namwuliza mama, simu iko wapi?"

"Anauliza simu iko wapi."

"Dukani, kwenye kaunta," alisema Jenabai.

"Iko dukani, kwenye kaunta."

Ikawa lazima waya uvutwe kutoka dukani, upite juu ya fremu ya mlango, ufuate ukuta. Shaabani alipigilia misumari midogo aliyopewa na Baqir, na alipofika katikati ya chumba akaupitisha waya juu ya kamba ya pazia, ukaning'inia upande wa ndani karibu na kichwa cha Jenabai. Mpango ulikuwa hivi: Shaabani ataiweka mashine tayari akiwa upande wake, kisha Mwanahalima ataisukuma meza upande wa mjane. Jenabai aliutazama waya. Ulikuwa wa rangi ya maziwa, mpya, na Abbas angeuliza mara moja ni wa futi ngapi na kwa nini hawakutumia uliopo stoo. Alingoja fikira hiyo imuume. Haikumuuma.

Baqir aliwasha jenereta ya uani, mashine ikapiga kelele yake ya kuamka, na Shaabani akaanza kazi huku akijisimulia mwenyewe kila anachofanya, kama wafanyavyo watu wa vyeti. Sasa inasoma. Sasa inataka namba ya Dar. Sasa inataka neno la siri. Baqir alileta kutoka dukani neno la siri aliloandikiwa na yule shemeji wa Dar, akalisoma kwa sauti ambayo ingesikika sokoni.

"Hapa sasa inataka jina," alisema Shaabani. "Jina la mwenye barua, lile atakaloliona kila anayepokea. Niandike la nani?"

"Anauliza aandike jina la nani," alisema Mwanahalima.

"La kaka!" Baqir alipaza sauti, keshafika kaunta, mteja wa rangi anamngoja. "Andika jina la kaka!"

Shaabani alilelewa na bibi yake huko Juani. Alipokuwa mdogo alimtaja babu yake aliyefariki kwa jina tupu, kama anayemtaja mtu aliyekwenda dukani na atarudi, na bibi alimzaba kofi ambalo hakulisahau. Tangu hapo hakuwahi kumtaja maiti kavu kavu. Akatafuta herufi moja moja, akizitamka. "Ma. Re. He. Mu." Akapumua. "Abbas. Taqi. Hiyo."

Jenabai aliyasikia yote. Yalimpita. Tangu mazishi kila mtu alikuwa amelisema neno hilo: msikitini, dukani, wachukuzi, wanawake wa pole, hata yeye mwenyewe mara moja mbili. Kwa kusemwa sana likawa ndilo jina la kwanza la mume wake na Abbas likawa la pili. Hakuona cha kuuliza.

"Sasa tunapiga," alisema Shaabani.

Mashine ilitoa sauti ya simu inayobonyezwa, namba moja moja. Kisha kimya. Kisha kule Dar es Salaam kitu kikaitika, na hapo makelele yakaanza, ya kukwaruza na kupiga mluzi, kama bati linaloburutwa juu ya changarawe. Mwanahalima alisema audhubillahi. Makelele yakapanda, yakakaribia kutulia, yakakatika.

"Imekata," alisema Shaabani. "Kuna mtu kanyanyua simu?"

Baqir alikuwa amenyanyua simu. Alitaka kumpigia mtu wa saruji. Akaambiwa mashine ikitumia waya, simu ya duka haifanyi kazi wala haiingiliki, na mtu yeyote asiiguse. Baqir akaapa hataigusa. Wakapiga tena. Safari hii ikakata bila kuguswa na mtu, na Shaabani akaona kiungo cha waya pale mlangoni kimeshika kutu ya chumvi, akakikwangua kwa kisu, akakifunga upya. Wakapiga tena, ikakata. Akataja cheti chake.

Jenabai alikaa chini ya waya na kusikiliza. Ikishika, itabidi awe Abbas. Isiposhika, Noorin atapiga jioni na kusema hajala. Alijaribu kuombea moja kati ya hayo mawili, akakuta hana dua. Alijihisi kama anayesubiri zamu isiyo yake.

Mara ya nne au ya tano bati liliburutwa, likapiga mluzi, likanyamaza, na kimya hicho hakikuwa cha kukatika.

"Imeshika!" Shaabani alipiga kofi. "Maashallah, imeshika, na barua zinashuka! Tena nyingi, mama. Mimi sisomi. Yaliyo ndani ni ya wenyewe."

Mwanahalima akaisukuma meza, miguu yake ikakwaruza sakafu, pazia likaifunika mgongo, na mashine ikawa upande wa Jenabai. Shaabani alibaki upande wa pili amekaa juu ya ndoo ya rangi, akielekeza: bonyeza kipanya juu ya jina, mara mbili, upesi upesi. Mwanahalima alirudia, mara mbili, upesi upesi, kisha akaona mambo yamekwenda, akatoka uani kukuna nazi.

Barua zote zilikuwa za Noorin, na zote zilikuwa kwa Baba. Jenabai alianza na ya kwanza.

*Baba shikamoo. Pole sana. Mimi nimevimba miguu mpaka navaa viatu vya mume wangu, na kiungulia hakinipi usingizi. Kiuno ndiyo usiseme. Lakini daktari kasema tunaendelea vizuri. Niandikie.*

Ya pili ilikuwa vile vile, kiuno na kiungulia. Kisha palikuwa na pengo, siku nyingi bila barua. Baada ya pengo zikaja nyingine, fupi fupi, karibu kila siku.

*Baba shikamoo. Mjukuu wako leo karusha mateke. Atakuwa mkorofi huyu. Upone umwone.*

*Baba shikamoo. Mateke tena, mume wangu anasema ni mcheza mpira. Usihuzunike. Wewe pata nguvu.*

*Baba, mateke. Tunakungoja.*

Jenabai alizisoma mpaka mwisho. Aliona jambo moja: tangu lile pengo, Noorin hakulalamika tena. Mwanamke wa miezi ya mwisho asiyetaja kiuno, miguu wala kiungulia, yeye hajapata kumwona, na mwenyewe alipombeba Noorin alilalamika mpaka Abbas akahamia dukani kulala. Aliliona jambo hilo, akaliacha lipite kama mengine yote.

"Mama," alisema Shaabani kwa adabu, maana mkalimani hayupo, "waya huu usije ukakata. Kama kuna jibu, bora sasa."

Herufi zilikuwa zimetawanyika ovyo kwenye kibodi. Jenabai alitumia kidole kimoja, cha kulia, kile ambacho Baqir alikiacha kizima.

*Binti yangu Noorin. Marahaba. Mimi naendelea, ulimi tu ndio bado. Mnazi wa uani umeanguka, haukumwumiza mtu. Saruji imeadimika. Kula, mwanangu, na ulale.*

Hivyo ndivyo alivyokuwa Abbas: mnazi, saruji, kula, lala. Ilitosha. Alitaka kuacha hapo, lakini kidole kiliendelea, naye akakitazama kinavyokwenda.

*Mama yako simwelewi. Hali mpaka aambiwe. Hajalia. Nakaa naye siku nzima hanisemeshi. Mimi namwona, yeye hanioni. Usimkasirikie. Baba yako.*

Aliisoma. Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa ya uongo kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na hilo ndilo alilohisi, mikono kuwa na baridi. Akauliza abonyeze wapi. Shaabani akamwambia patafute palipochorwa bahasha. Akabonyeza, barua ikatoka machoni, haikubaki kitu.

"Imeondoka," alisema Shaabani. "Keshaipata huyo. Hii si posta."

Akakata intaneti, akaileta simu ya dukani ndani, akaiunganisha hapo hapo kwenye waya mpya ili aone kama laini bado nzima, akaiweka juu ya kigoda karibu na pazia. Huku ilikuwa alasiri, na kule kwa Noorin asubuhi. Shaabani hajamaliza kukusanya bisibisi zake, simu ikalia.

Tangu mazishi simu zote zilipokelewa na Baqir. Lakini Baqir alikuwa dukani akimbishia mtu bei, na simu ilikuwa hatua moja tu kutoka jamvini. Jenabai alipitisha mkono chini ya pazia, akaishika, akaivuta ndani.

"Mama?"

"Naam, mwanangu."

"Nimepata barua ya Baba." Sauti ya Noorin ilikuwa kavu.

"Alhamdulillahi. Kaandika mwenyewe. Kidole kimoja, kwa taabu, lakini..."

"Mama. Juu yake imeandikwa imetoka kwa Marehemu Abbas Taqi."

Jenabai aliigeukia kompyuta. Hapo kwenye kioo hapakuwa na kitu. Kisha akazisikia upya zile herufi, ma, re, he, mu, na ile pumzi ya Shaabani katikati. Alizisikia zilipoandikwa. Alikuwa amekaa chini ya waya, masikio mazima, na aliziacha zipite. Mtoto amefichwa kifo cha baba yake muda wote huo, ndugu wamesema uongo nchi mbili, mashine imebebwa kichwani baharini, na yeye kwa ganzi yake kashindwa kusema neno moja, futa.

"Nani? Noorin?" Baqir alikuwa amesikia jina. Sauti yake ilikuja kutoka dukani kwa mnong'ono ambao hata mteja aliusikia. "Mwambie kalala! Shemeji, mwambie kaka kalala!"

"Lini, mama?" aliuliza Noorin.

Uongo ulikuwepo mdomoni. Makosa ya fundi, mwanangu. Mzaha wa mashine. Jenabai alifungua kinywa akauona hauna miguu.

"Siku ile ya kwanza uliyopiga," alisema. "Alikuwa keshafariki. Hakukuwa na kiharusi. Alikuwa anapima misumari, akaanguka, basi."

Jenabai alisikia pumzi za Noorin, na hapo hofu ikamwingia, hofu ya kweli, kitu cha kwanza kumwingia tangu siku za mazishi. Akapiga magoti bila kujua.

"Noorin, kaa chini. Sikia mimi mama yako. Kaa chini, shika tumbo, vuta pumzi taratibu. Nani yuko nawe? Mwite mumeo. Shika tumbo, mwanangu."

"Mama."

"Shika tumbo."

"Mama, tumbo halipo."

Upande wa pili wa pazia Shaabani alikuwa anazungusha waya uliobaki mkononi, akaacha kuzungusha.

"Halipo tangu lini?" Jenabai aliuliza.

"Tangu niliponyamaza kuandika. Alikuwa wa kike. Tulimzika hapa." Sauti bado ilikuwa kavu, na sasa Jenabai aliijua, maana ndiyo aliyokuwa nayo mwenyewe. "Ami Baqir alisema Baba asishtuliwe. Alisema habari njema ndiyo dawa. Basi nikawa namwandikia mateke. Kila siku nakaa hapa namwandikia mateke, mama. Ningekuja. Ningepanda ndege siku ile ile, lakini ningeingia na tumbo tupu, na Baba angeniona."

"Mwambie kalala!" alisema Baqir.

Ganzi ikitoka mguuni huuma kuliko kilichoileta. Jenabai alihisi ikianza magotini pale alipopigia sakafu, ikapanda, ikafika kifuani, na hapo ilimkuta Abbas, na pembeni yake mtoto ambaye Jenabai hakumjua hata jina. Alitaka kusema pole. Neno hilo amepewa na Kilindoni nzima, na mfiwa ndiye anayepewa. Yeye na Noorin, nani ampe nani?

"Mlimpa jina?" aliuliza.

"Jenabai," alisema Noorin.

Basi akalia. Hakulia kwa heshima wala kwa subira. Alilia kwa sauti iliyotoka mpaka barabarani, mdomo kwenye simu, na kutoka Toronto Noorin naye akaachia, sauti mbili kwenye waya mmoja. Baqir akaja mbio, akasimama kwenye pazia, mkono umelishika pembeni, asithubutu kulifungua.

"Simu imekatika, mama?" aliuliza Shaabani kwa woga. "Niangalie kiungo?"

"Usiiguse," alisema Jenabai. "Mtu asiiguse."

Mwanahalima alitoka uani mbio, machicha ya nazi yamemganda viganjani. Alimkuta kizuka chini, simu sikioni, analia kilio walichokingoja nyumba nzima. Hakuuliza nani kafa. Alipangusa mikono kwenye kanga, akaketi jamvini bega kwa bega naye, akaanza kulia.